Ana, Bila Mkia

Blanketi lenyewe nililiona kwa macho yangu, la sivyo ningesema watu wananichonganisha. Lilikuwa limebanwa kwenye fremu ya mashine ya dirishani, ile ninayoshonea mimi siku zote. Rangi ya maziwa, pamba nzuri, na sindano ilikuwa imeshafika katikati ya jina: ANASTA. Herufi zilizobaki zilichorwa kwa chaki.

"La nani hili?" nikamuuliza Miwani, fundi mwenzangu.

Nilikuwa nimepita tu karakana kumwonyesha mtoto. Likizo yangu ya uzazi ilikuwa bado mbichi. Sisi pale tunatarizi majina kwenye masweta ya shule, makoti ya wauguzi na taulo za hoteli, na Miwani kazi haijawahi kumshinda, ila uongo unamshinda. Akamrudisha mtoto mikononi mwangu, akaanza kufuta miwani iliyokuwa safi.

"Kaleta wifi yako. Kasema ni la mtoto wa kaka yake, Anastazia. Nikamwambia mbona mama mtu hajatuambia? Akasema mama mtu ataambiwa Jumapili. Halafu akaomba punguzo, kwa kuwa wewe ni wa hapahapa."

Hebu fikiria. Mtu anakula njama dhidi yako, halafu njama hiyo anaileta ishonwe kwenye mashine yako mwenyewe, kwa sababu kwingine hawapunguzi bei. Hiyo ndiyo familia nilikoolewa.

Binti yangu alikuwa na jina tayari. Anaitwa Ana. Ni jina la mama yangu, aliyefariki bila kumwona. Mimi na mume wangu tulikubaliana palepale wodini, tena yeye ndiye aliyelitamka kwanza, machozi yakimlengalenga. Lakini mama yangu hakuwa mtu baki kwa watu wale. Alikuwa akifua nguo kwa mama mkwe wangu tangu mimi niko darasa la kwanza, mpaka mgongo wake ulipogoma. Mume wangu amekulia ndani ya mashati yaliyopitia mikononi mwa mama yangu. Tulipooana, mama mkwe alikuja harusini na uso wa mtu aliyeitwa kutambua maiti, na tangu hapo nyumbani kwake nimeingia mara chache sana.

"Mimi Ana nalipenda," Miwani akasema, maana siku zile kila mtu alikuwa na maoni yake. "Fupi, uzi kidogo, halimsumbui mtu. Majina haya marefu yanaanzia kifuani yanaishia kwapani."

Nikamwambia alimalize blanketi kama alivyoagizwa. Nikamwambia alishone vizuri sana.

Jumapili tukaenda. Sebule ya mama mkwe ni ya kutazamwa. Makochi yana vitambaa vya kufuma mgongoni na mikononi, kabati la vioo limejaa sahani ambazo hazijawahi kuonja chakula, na mapazia yamepigwa pasi yakiwa yananing'inia, sijui kwa ufundi gani. Walikuwepo mama mkwe, wifi na baba mdogo, mdogo wa marehemu baba mkwe, ambaye huitwa kila panapotakiwa mwanamume wa kukubali jambo lililokwisha kuamuliwa. Mume wangu akakaa pembeni yangu, kimya kama maji ya mtungi.

Wifi hakuchelewa. Akatoa kifurushi, akakifungua kwa madaha, akalitandaza blanketi magotini pa mama yake. ANASTAZIA. Uzi wa bluu, kazi safi.

"Miwani amejitahidi," nikasema. "Nililiona likiwa bado kwenye fremu."

Wifi akajifanya kunyoosha pindo. Mama mkwe hata hakupepesa.

"Vizuri kama umeliona," akasema. "Basi hatuna haja ya kuzunguka. Mtoto ataitwa Anastazia."

"Mtoto anaitwa Ana."

"Ana si jina, wifi," wifi akadakia. "Ana ni mwanzo wa jina. Ukimwita mtu Ana, anabaki anasubiri umalizie."

"Mama yangu hakuwahi kusubiri. Alikuwa anaitika."

Baba mdogo akakohoa. Akasema Ana ni jina zuri, jina la zamani, hata yeye alisoma na Ana mmoja, ila mtoto wa siku hizi anahitaji jina lenye kujaza mdomo. Akapendekeza Anatolia. Wifi akasema Anatolia ni jina la mwanamke mwenye masharubu, bora Anamaria. Mama mkwe akasema Anamaria anawajua wawili na wote wameachika. Wakaendelea hivyo, wanalivuta jina la mama yangu huku na huku, wanaliongezea mkia, wanaujaribu, wanaukata, wanaweka mwingine. Na mimi nimekaa pale, mtoto amelala mapajani.

"Au Suzana," wifi akasema, kama mtu aliyeokota dhahabu. "Ana imo humohumo ndani. Hata mama yako hatakasirika."

"Mama yangu amekufa."

"Ndiyo maana nasema hatakasirika."

Nilimtazama mume wangu. Ilikuwa zamu yake na alijua ni zamu yake. Akajikuna shingo.

"Labda kwenye cheti tuandike Anastazia," akasema, "halafu sisi nyumbani tuwe tunamwita Ana."

"Wodini ulisema nini?"

"Nakumbuka nilichosema. Natafuta amani tu."

"Amani ya nani?"

Ningeweza kumpiga na ile glasi ya soda, Mungu anisamehe. Nikamgeukia mama yake, kwa sababu nilichoka kupigana na vivuli na mwenye vita amekaa mbele yangu.

"Mama, niambie ukweli. Anastazia unalitaka, Anatolia unalivumilia, hata Suzana hujalikataa. Chochote kile, mradi isiwe Ana peke yake. Jina hili limekukosea nini?"

"Halijanikosea kitu. Sitaki tu liitwe humu ndani."

"Lilikuwa linaitwa humu ndani kutwa nzima!"

"Ndiyo, na kila mtu anajua lilikuwa linaitwa kwa kazi gani!" Akalisukuma blanketi pembeni. "Wewe unafikiri ni mchezo? Mjukuu wangu wa kwanza, damu ya mwanangu, nikimwita niwe naita mtu wa kufua?"

Baba mdogo akalitazama kabati la vioo kwa bidii. Kwa kweli, yale maneno hayakuniuma kama nilivyotarajia. Niliyajua miaka yote, kilichokosekana ni mtu wa kuyasema. Nikainuka, nikaenda nikamweka mtoto mikononi mwake.

"Basi tuanze leo," nikasema. "Huyu si mtu wa kufua. Ni mjukuu wako. Mwite."

"Usinifundishe adabu nyumbani kwangu."

"Mwite mara moja tu, mama. Mtazame usoni, umwite."

"Sitaki."

"Unaogopa herufi tatu?"

"Ana!" akafoka. "Ana! Haya, umeridhika?"

Hakumtazama mtoto. Alikuwa amegeuza kichwa upande wa mlango wa uani, na sauti ilimtoka ileile, kali, yenye kukwaruza mwishoni, sauti niliyokuwa nikiisikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikimsubiri mama amalize. Mtoto akashtuka, akaanza kulia. Na huko nyuma, kwenye karo la kufulia, bomba likafungwa.

"Abee, mama!"

Akaja mbiombio mwanamke wa makamo, kanga kiunoni, povu mpaka viwikoni. Akasimama mlangoni asilichafue zulia.

"Nimekuja, mama."

Wifi akainama kulikunja blanketi ambalo hakuna aliyemtuma alikunje.

"Dada," nikamwambia yule mwanamke, "unaitwa Ana?"

Akamtazama kwanza mwajiri wake.

"Hapa naitwa Ana," akasema.

"Na kwenu?"

Akajifuta povu kwenye kanga.

"Mama amezoea tu," wifi akasema, bila kuinua uso. "Tangu mama yako aache kazi, wote waliofuata amewaita hivyohivyo. Si kwa ubaya. Ni kurahisisha."

Wote waliofuata. Nikamtazama mume wangu, naye akatazama zulia. Alijua. Alikuwa anajua siku zote, na alijua hata pale wodini machozi yalipokuwa yakimlengalenga.

"Mama," nikamuuliza mama mkwe, "huyu dada anaitwa nani?"

Alikuwa akimpapasa mtoto mgongoni, harakaharaka, kama anayezima moto. Nikamchukua mwanangu, nikamlaza begani mpaka akatulia.

"Jina hili lilikuwa la mama yangu," nikasema, "na sasa ni la binti yangu. Naondoka nalo leo. Huyu dada mtafutieni lake."

Blanketi nikaliacha. Mume wangu akainuka nyuma yangu, akauchukua mfuko wa nepi. Sikumshukuru. Tulikuwa na mazungumzo marefu ya kwenda kufanya, na safari hii asingepona kwa kujikuna shingo.

Nilipokuwa navaa viatu mlangoni, mwanamke yule alikuwa bado amesimama palepale, akisubiri kuambiwa alichoitiwa. Mama mkwe akamgeukia amrudishe uani. Akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Hakuwa na jina la kumwita.