Chumvi ya Maji ya Dani

Hutaamini, lakini niliona kwa macho yangu baraza zima likinywa maji yao wenyewe, na kuapa hawajawahi kuonja maji kama hayo! Video iko hapa kwa simu. Dakika moja, sekunde arobaini na mbili.

Huko kwetu karibu na Macalder tulikuwa na kisima cha jamii chenye pampu ya sola. Ufunguo wake ulining'inia shingoni mwa nyanyangu, Dani Zilpah. Maji yenyewe yalikuwa na chumvi kidogo. Chai chumvi, uji chumvi. Shilingi tatu kwa mtungi, na pampu ikiharibika, kila boma lilitoa kuku mmoja. Dani aliwapeleka sokoni kwa bodaboda, wamefungwa miguu, wakipiga kelele njia nzima. Aki, vile namiss hiyo foleni ya asubuhi! Mitungi ya njano imejipanga kama watoto wa nursery, na wamama wakichekana.

Kwa ukuta, Dani alikuwa ameandika sheria moja kwa rangi nyekundu: ANAYEOMBA MAJI HAULIZWI NI YA NINI. Mwaka wa kwanza kamati ya kisima ilimuuliza mama mmoja kama alitaka maji ya kupika chang'aa. Akageuka na mtungi mtupu. Kumbe yalikuwa ya kuosha mwili wa marehemu bwanake.

Halafu kaunti ikatuahidi maji ya bomba. Siku ya ufunguzi tungepiga kura pia: pampu yetu iendelee, ama ifungwe na sola yake ipewe zahanati.

Asubuhi hiyo, kabla wageni wafike, Injinia Ratemo wa kaunti alikuja kisimani na lori la maji, shati limelowa jasho.

"Mama, naomba maji. Lita elfu tano."

Dani akafungua pampu. Hakuuliza kitu. Mimi nikafuata lori nikirekodi, si unanijua, na nikaliona likimwaga yote kwa tangi jipya la kaunti. Bomba kubwa lilikuwa halijafika!

Saa sita, mfereji ukafunguliwa. Makofi! Oyaro, muuza samaki, akagida glasi ya kwanza.

"Uwi! Haya ndiyo maji sasa! Matamu! Si ile supu ya Zilpah!"

Watu wakacheka hadi viti vikaanguka. Glasi zikazunguka, kila mtu akisifu. Dani akapewa yake. Akaonja. Akafumba macho, akaonja tena.

Nikamsogelea, simu tayari mkononi. "Dani, niwaonyeshe?"

"Wataona nang'ang'ania kiti."

"Lakini watafunga pampu!"

Akakishika kidole changu, kile cha kufinyia simu. "Nyakwara, huyo kijana aliomba maji. Nani alimuuliza ni ya nini?"

Mikono ya kufunga pampu ikapanda kama mahindi baada ya mvua. Dani akavua ufunguo shingoni akampa injinia, na yeye akaupokea akiangalia viatu vyake.

Sasa, nisiwe mwongo. Bomba lilifika baadaye, na maji ya kaunti ni safi na ni ya bei rahisi kushinda yetu. Yakija. Jumatatu yanakuja, Alhamisi labda. Siku hizo zingine tunafukua mchanga kando ya mto Kuja kutafuta maji, na Oyaro huwa wa kwanza kufika na jembe. Mwaka jana aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama Dani anaweza kuomba ule ufunguo urudishwe. Lakini sola iko zahanati, na kuku hakuna anayetoa tena.

Nimebadilisha simu mara tatu na kila mara nahamisha ile video kwanza. Jioni nikimtembelea Dani, tunakunywa chai yake, na huwa anadhani sioni akitia chumvi kidogo kwa sufuria.

Sasa niambie wewe. Kidole kiko juu ya simu, mikono ya watu inaanza kupanda, na Dani amekushika hivi, polepole. Ungefinya?