Siku Merikebu Ilipoingia Kanyenye

Kanyenye walikuwa wametuchukulia Radi miaka miwili mfululizo. Radi ni ngoma aliyoichonga marehemu baba yangu, Damas, kwenye gogo moja la mninga, na sharti la mashindano yetu na watu wa Kanyenye, mtaa wa mjini, ni hili: anayeshinda anakaa na Radi mpaka mavuno mengine. Kila nilipotoka Kwihara kwenda mjini kuuza karanga niliisikia ikilia uani kwa Abbasi, kiongozi wa ngoma yao. Nilikuwa natua kapu langu, nasikiliza. Mpigaji wao, Mabruki, hufumba macho akipiga. Nyimbo zikienda huku, naye huzifuata huku huku. Nilimwangalia sana yule kaka, si kwa mapenzi, ila kwa sababu alikuwa ameishika ngoma ya baba.

Mwaka huo wa 1951 nikasema moyoni: Radi inarudi nyumbani.

Mashindano yetu hayana hakimu. Makundi mawili yanaingia uwanjani kwa wakati mmoja, hili upande huu, lile upande ule, na watazamaji wanakwenda wanakotaka. Jua likigusa paa la ghala la karanga, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Basi kila mwaka lazima uje na jambo jipya. Kanyenye walikuja na tarumbeta, mwaka uliofuata wakaja na nguo kama za askari. Sisi tulikuwa na njuga zetu tu.

Jambo jipya alituletea Hilari, mtoto wa shangazi, aliyekuwa akisoma shule kubwa mjini. Mimi nilikomea darasa la nne, lakini masikio yangu hayakukomea hapo. Siku moja ya likizo tulikuwa tunamenya karanga uani, akasema:

"Mnajua kwamba Waingereza nao walitawaliwa?"

Mikono yote ikasimama.

"Na nani, Mjerumani?" akauliza baba mdogo Masele, mkuu wa ngoma yetu.

"Na Wanormani, mjomba. Zamani, karibu miaka mia tisa sasa."

"Acha uongo wewe!"

"Haki ya Mungu! Na hao Wanormani babu zao ni Waviking, watu wa kaskazini, kwenye barafu. Merikebu zao ndefu, mbele kichwa cha joka. Wanapanda mito, wanachoma vijiji, wanaiba mpaka kengele za kanisa. Mto ukiisha, wanaibeba merikebu mabegani, wanavuka nchi kavu hadi mto mwingine!"

"Wanabeba?" Babu Lugembe alikuwa amelala kwenye kigoda chake cha kuegemea, akainuka mzima mzima. "Basi hao ni Wanyamwezi!"

Tulicheka mpaka karanga zikamwagika. Babu alipokuwa kijana alibeba kipande cha mashua ya Mzungu mmoja kutoka hapa hadi Ujiji, na hadithi hiyo tulikuwa tumeichoka. Siku hiyo tulimwomba airudie.

"Endelea, kaka," nikamwambia Hilari. "Wakawaje Wanormani?"

"Mfalme wa Wafaransa alichoka nao. Akawapa nchi pwani, akawaambia kaeni, acheni kuchoma. Wakakaa. Wakaoa huko huko, wakabatizwa. Watoto wakasema lugha ya mama zao, na wajukuu hawakujua tena lugha ya merikebu. Ndio hao waliovuka maji wakaitwaa Uingereza, na Kifaransa chao mdomoni. Mpaka leo kwa Kiingereza ng'ombe akiwa zizini ni cow, jina la wachungaji, akifika mezani ni beef, jina la mabwana."

Baba mdogo alikwisha simama. Macho yanamwaka. "Hilari, hiyo merikebu unaweza kuichora?"

Ehe! Mwezi mzima Kwihara haikulala vizuri kwa furaha. Wanaume walikata mianzi na magome ya miti, kichwa cha joka kikatoka kwenye kisiki, meno yake vipande vya debe. Ngao zilikuwa nyungo zetu wanawake. Tulizipaka rangi nyekundu na nyeupe tukazipanga ubavuni. Kofia zilikuwa makopo ya samli, na vijana wakachomeka pembe.

"Kitabuni sijaona pembe," Hilari akalalamika.

"Sisi tumeziona zizini," wakamjibu.

Walipojaribu kuibeba mara ya kwanza, merikebu iliyumba kama mlevi. Babu akapiga kelele: "Mnapeleka maiti? Mzigo mrefu haubebwi na mabega, unabebwa na magoti! Hatua fupi! Wa nyuma asikilize wa mbele!" Akawaimbia mwendo wa wapagazi, nasi wanawake tukauitikia. Merikebu ikatulia. Ikaanza kwenda, jamani, kama iko majini.

Siku ya siku tuliipeleka mjini kwa njia ya zamani ya misafara. Watu waliacha majembe. Mama mmoja alipiga magoti, hajui kama ni jeneza la askofu au nini. Mimi nilikuwa nyuma na wenzangu waimbaji.

Tulipoingia uwanjani Abbasi akatucheka: "Enyi watu wa Kwihara! Maji yako wapi?"

"Yatakufika shingoni sasa hivi!" baba mdogo akamjibu.

Watu wakatukimbilia. Wengi! Kanyenye walibaki na tarumbeta zao na wake zao. Nikajua Radi ni yetu.

Lakini tulikuwa tumepanga kucheza kama Hilari alivyotuambia: merikebu inatua, Waviking wanaruka, wanavamia. Vijana wetu wakaruka kweli, mapembe kichwani, wananguruma, wakawavamia watazamaji. Watoto wakalia. Wamama wakafunga kanga vizuri wakatimka. Na wanatimkia wapi? Kwa Kanyenye! Kufumba na kufumbua tumebaki na merikebu, vumbi, na Babu.

Upande wa pili Abbasi akainua mkono. Mabruki akafumba macho akaipiga Radi, na Kanyenye wakaanza wimbo wao ule ambao mji mzima unaujua:

"Njooni muone, njooni muone, Kanyenye kuna taa!"

Jua lilikuwa limebakiza kiganja kimoja kufika kwenye paa. Baba mdogo alikaa chini akashika kichwa.

Mimi nilikuwa naiangalia Radi. Nikakumbuka hadithi ya Hilari: waliovamia ni mababu. Walioshinda ni wajukuu, na walishinda wamekwisha jifunza kusema kama wenyeji.

"Baba mdogo," nikasema, "vueni pembe. Inueni merikebu. Twende kwao."

"Kufanya nini, Pelagia? Kupigwa?"

"Kuimba wimbo wao."

"Wimbo wa Kanyenye? Watu wa Kwihara?"

"Ndiyo. Lakini kwa mwendo wa Babu."

Alinitazama kama mtu anayetazama shimo atakaloruka. Kisha akavua kopo lake kichwani. "Inueni!"

Niliutoa wimbo mimi, kwa sauti yangu yote. Njooni muone, njooni muone! Magoti yakashika mwendo wa wapagazi, njuga zikaitika, na merikebu ikaenda taratibu hadi katikati ya Kanyenye kabisa. Watu wakatupisha, mara wakaanza kuimba nasi. Wimbo wao wenyewe, lakini chini yake kuna hatua mia za njia ya Ujiji! Wanawake wa Kanyenye wakapiga vigelegele. Mwenye tarumbeta akatufuata. Mabruki, macho kayafumba, akaubadilisha mkono wake akatupigia mwendo wetu. Nilisikia baba anacheka ndani ya ile ngozi.

"Sasa geuza," nikamwambia baba mdogo, bila kukata wimbo.

Joka likageuka polepole kuelekea upande wetu. Njooni muone! Na watu wakaja. Wote. Wanaimba Kanyenye kuna taa huku wanaiacha Kanyenye. Na Mabruki na Radi kifuani, anausindikiza wimbo, haangalii njia.

"Mabruki!" Abbasi akapiga ukelele. "We Mabruki, unakwenda wapi?"

Mabruki akafumbua macho. Alikuwa chini ya kichwa cha joka, upande wa Kwihara, na jua limegusa paa la ghala.

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Abbasi akaja mbio. "Mmetuibia wimbo!"

"Wimbo wenu huo hapo," baba mdogo akamwambia. "Mwenye watu nani?"

Abbasi alitazama nyuma yake. Palikuwa na kuku mmoja. Akajizuia, akashindwa, akacheka naye. Kisha akamvua Mabruki ukanda wa ngoma kwa mkono wake mwenyewe akanivika mimi.

Ilikuwa nzito kuliko nilivyokumbuka. Niliikumbatia kidogo, kisha tukaipakia Radi ndani ya merikebu kama abiria, tukashika njia ya Kwihara na Babu mbele. Tuliimba njia nzima. Hilari alijaribu kutoa nyimbo zetu za zamani, moja, ya pili, hazikukamata. Kila mara midomo ilirudi kule kule: njooni muone, njooni muone, Kanyenye kuna taa. Na tulipofika nyumbani, mama aliyetoka mlangoni kuipokea ngoma ya mumewe alikuwa tayari anauitikia.