Mke wa Bawabu

Shemeji yangu ana ugonjwa wa kupendekeza vitabu. Hujamuuliza, hujamwomba, umekaa zako unakunywa chai, yeye ameshakushika mkono: "Shem, kuna mfululizo mmoja, ukiuanza hutalala." Ni mume wa mdogo wangu, ana duka la dawa, na nadhani amezoea kumpa kila anayepita kitu cha kumeza kutwa mara tatu. Nina hasira naye, na sababu ninayo.

Baba yangu alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba. Presha ya macho ilimnyang'anya kuona kidogo kidogo, akabaki na mwanga wa kujua dirisha liko wapi. Kisha moyo nao ukaanza kuchoka. Daktari alituita pembeni, mimi na mdogo wangu, akatuambia tusiweke mipango ya mbali, tumpe mzee anachokipenda. Redio haipendi, anasema inamfokea. Ndipo shemeji akaja na mfuko wa vitabu vitano vinene, riwaya za mji uliozungukwa na ukungu, zenye majoka, panga zinazosema na malkia asiyezeeka. "Msomee hivi, shem. Mzee atasahau hata maumivu."

Hapo alisema kweli. Nilikuwa nikitoka saluni jioni, miguu imevimba kwa kusimama kutwa nikisuka, namkuta baba amekaa kitandani, kofia kichwani, kama mtu anayesubiri mgeni. Majoka hayakumshughulisha. "Ruka hapo wanapopigana," alikuwa akiniambia. Yeye alimng'ang'ania bawabu wa lango la kaskazini, mzee aliyepewa ukurasa mmoja tu katika kitabu cha kwanza. Mke wa bawabu alitoka kwenda kutafuta dawa, akaingia kwenye ukungu, hakurudi. Tangu hapo, katika kila kitabu, mwandishi anapita langoni mara moja au mbili na kutuambia kwamba bawabu bado hajafunga komeo. Basi, ni hayo tu. Lakini baba alinikatiza hata katikati ya vita: "Na yule mama? Amerudi?"

Mama yangu alifariki nikiwa bado shuleni. Baba hakuoa tena, na habari za mama hakuzizungumza na mtu. Sikuhitaji kuelezwa kwa nini anamuulizia mke wa bawabu.

Tukafika mwisho wa kitabu cha tano. Bawabu anasikia hatua kwenye ukungu, anasimama, anashika taa. Kitabu kinaishia hapo.

"Leta cha sita," baba akasema.

Nikampigia shemeji. Akacheka. "Aa, cha sita bado hakijatoka, shem. Tunakisubiri miaka nenda rudi. Mwandishi anasema anakaribia kumaliza."

Mtu na akili zake, anayejua mzee wa watu yuko katika hali gani, anampa hadithi isiyo na mwisho.

"Na ulijua?"

"Kila mtu anajua, shem. Raha yenyewe ndiyo hiyo, unabaki unabuni."

Nikamkatia simu. Hawa watu wamezoea kusubiri mpaka wamesahau kwamba kuna wenzao hawana muda wa kusubiri.

Jumapili nikawaita saluni kwangu, shemeji na wenzake wawili wanaosoma naye mfululizo huo. Mmoja ni fundi simu tunayemwita Profesa, kwa sababu hawezi kukuuzia hata chaja bila kukupa mhadhara. Mwingine ni nesi, mama mtu mzima mwenye vitabu hadi chini ya kitanda. Nikafunga mlango, nikawapa viti. Nikawaambia shida yangu ni moja: nataka mwisho wa kumpa baba, na nautaka kabla hajazidiwa. Wao ndio mabingwa, wanisaidie.

Sikupata nafasi ya kusema tena. Profesa alizunguka kwenye kiti changu cha wateja akieleza kwamba malkia lazima afe, utabiri uko wazi, ukisoma vizuri kitabu cha tatu. Nesi akamwambia utabiri ule ni wa uongo, umetolewa na joka, na majoka katika mfululizo huu hayajawahi kusema kweli. Shemeji akadai cha tatu chenyewe ni dhaifu, mtu angeweza kukiruka. Hapo Profesa akasimama kabisa, na draya yangu ikaanguka chini. Cha tatu dhaifu? Mtu anayesema hivyo ana haki gani ya kushika kitabu? Walibishana kuhusu upanga, kuhusu mrithi halali, kuhusu ramani ya mwanzoni ambayo eti mto umechorwa ukielekea siko. Mimi nimeshika kichana, kichwa kinanigonga.

"Na bawabu?" nikauliza.

"Bawabu gani?" akasema Profesa.

"Wa lango la kaskazini. Mke wake atarudi?"

Wakatazamana. Watu wanaojua jina la farasi wa kila shujaa. Nesi akasema kwa upole, "Mwanangu, huyo si amewekwa tu kupamba?"

Shemeji, kwa moyo wake mweupe unaonikera, akanishika bega. "Shem, kama ni hivyo, mwanzishie mzee mfululizo mwingine. Kuna mmoja wa visiwa vinavyoelea, mtamu ajabu."

"Umeisha?"

Akajikuna kidevu. "Umebaki kidogo."

Niliwatoa wote nje. Sijutii. Nilifagia nywele za jana ambazo zilikuwa zimeshafagiliwa, kwa hasira tu, kisha nikaenda nyumbani.

Baba alikuwa amelala chali, pumzi yake fupi kuliko ya jana. Kofia ameshaivaa. "Umekileta?"

"Nimekileta," nikasema.

Nilichukua kitabu cha kwanza, nikakifungua katikati, nikakaa ukingoni mwa kitanda. Nilianza kwa ukungu, kwa sababu mwandishi naye huanza na ukungu kila anapoishiwa. Nikamweka bawabu langoni na taa yake. Nikaleta hatua, karibu, karibu zaidi. Nikafunua ukurasa ili baba asikie karatasi. Kisha nikakwama. Mimi ni msusi, nitajuaje mtu anarudije kutoka kwenye ukungu baada ya miaka yote ile?

Nikamtoa mwanamke mikono imejaa, dawa upande huu, kuni upande ule. Hana mkono wa kufungulia. Akalisukuma lango kwa nyonga. Likagoma. Akalisukuma tena kwa nyonga, huku akilisema.

"Alilisemaje?" baba akauliza.

"Nini, baba?"

"Lango. Alilisemaje?"

Sikuwa nimefikiria. Nikasema lililokuja mdomoni. "Akaliambia, 'Na wewe uache kiburi, kila siku tunajuana.'"

Huko nje mtoto wa jirani alikuwa akiburuta ndoo kwenye saruji, sauti ikapita, ikaisha.

"Huyo mwandishi," akasema polepole, "mlango wetu wa jikoni aliuonea wapi?"

Mlango ule mama aliusukuma hivyo hivyo, kwa nyonga, huku akiusema. Nilitaka kumwomba radhi, nilitaka kumwambia cha sita hakipo, lakini mkono wake ulikuwa umeshaanza kupapasa blanketi, ukanipata kwenye kifundo cha mkono, ukanishika.

"Rudia hapo langoni," akasema. "Na usiruke kitu."

Nikafungua tena kitabu, nikaanza pale mama alipotokeza.