Kombora Lililonipa Shikamoo

Usiku wa jana niliota niko kazini, kwenye kiwanda cha sufuria Chang'ombe, zamu ya mchana. Miaka kumi na tisa kazi yangu ni ile ile: naigonga kila sufuria kwa kidole, nasikiliza mlio. Ikilia vizuri inapita. Ikikwaruza ina ufa, naitupa kwenye pipa ikayeyushwe upya.

Lakini kwenye mkanda hazikuja sufuria. Yalikuja makombora. Sikushangaa, nilikasirika tu kwamba hakuna aliyenitaarifu.

"Shikamoo, mama," la kwanza likaniamkia.

"Marahaba." Adabu ni adabu, hata kwa chuma. "Unakwenda wapi?"

"Sijui. Nitaambiwa huko mbele."

Nikaligonga. Likalia vizuri, likapita.

Uani wamekaa majenerali wawili, maadui, benchi moja, wanasubiri mzigo. Vita vimesimama kwa sababu jana umeme ulikatika. Mmoja ananipungia mkono.

"Mama, tufanyie haraka. Askari wetu wamekaa bure."

"Kwani nani atashinda?"

"Sisi tutajuaje? Iulize mashine."

Mashine kubwa ya kukunja bati, ambayo siku zote hunguruma tu, ikanijibu kwa upole. "Atashinda nitakayemtengenezea makombora elfu sita kwa siku. Ushujaa siujui. Haupiti kwenye mkanda."

Nikautazama mkanda. Ukuta haupo tena. Mkanda unatoka nje, unavuka barabara, unapanda milima, unaishia kwenye handaki. Ndani yake amekaa mdogo wangu Shomari, anamenya kiazi. Shomari ni askari, yuko nje ya nchi kulinda amani. Mama alipofariki mimi ndiye niliyemlea.

"Zima," nikaiambia mashine.

"Swichi yangu haiko hapa. Wewe kazi yako kugonga. Gonga."

Nikaligonga lililofuata. Likalia safi kabisa. Nikasema, "Hili lina ufa." Miaka yote hiyo sijawahi kusema uongo kazini.

"Mama, mimi sina ufa," likalalamika.

"Unao. Nyamaza."

Nikatafuta pipa, halipo. Mashine ikasema vita havina pipa, kila kitu kinakwenda.

"Basi kama nina ufa, siwezi kulipuka," kombora likasema kwa huzuni, likaenda hivyo hivyo.

Nilipogeuka, mengine saba yalikuwa yameshapita bila kugongwa.

Asubuhi simu ikaniamsha. Alikuwa Shomari.

"Dada, tumepigwa alfajiri. Kombora moja limeangukia miguuni kwangu, likalala tu. Mafundi wamelifungua, hawaoni kasoro yoyote."

Nilitaka kumshukuru Mungu, mdomo ukakataa.

"Na yale saba?" nikamuuliza.

"Dada, nani amekwambia ni saba?"

Nikamuuliza yamewaua nani. Akaanza kunitajia majina ya wenzake.