Ugomvi wa Koridoni

"Jirani, kama ni kugombana, gombaneni ndani kwenu! Mlangoni kwangu si uwanja wa ndondi!"

"Dada fundi, tuvumilie," alisema Mama Kitabu. Jina hilo nilimpa mimi, maana mtoto wake haogeshwi mpaka kitabu cha malezi kifunuliwe. Na kitabu kimesema mtoto asisikie wazazi wakigombana. Basi yeye na mumewe, mchora ramani, wakitaka kupashana hufunga mlango wao taratibu, wakaja kumalizana koridoni, hatua mbili tu kutoka kwenye cherehani yangu.

Umbea siukatai, Mungu anisamehe. Tabu ni kwamba asubuhi hiyo bibi harusi alikuwa kwangu akijaribu gauni, pini zimemjaa kiunoni, akawasikia wakirushiana maneno juu ya nani aliyeacha vyombo vya mtoto bila kuviosha. Akavua gauni.

"Fundi, usishone kwanza. Nitarudi mchana nikuambie kama bado naolewa."

"Mmemtisha mtoto wa watu!" nikawawakia. "Na harusi ni Jumamosi!"

Wakatahayari. Wakaapa akirudi atawakuta kama njiwa.

Saa saba nikasikia viatu vyake ngazini. Wale wawili tayari wamesimama koridoni, wameshikana mikono, wanatabasamu kama wanapigwa picha ya pasipoti.

"Mpenzi, leo umepika vizuri," mume akapaza sauti.

"Nimepika nini? Si umepika wewe!"

"Basi ungesema asante."

"Asante ya kuniunguzia sufuria?"

Haya, moto huo. Bibi harusi ameganda kwenye ngazi ya juu, uso umemkunjamana. Mimi nimeshika kichwa.

Mlango wao ukafunguka. Akatoka mtoto, miaka mitatu, kijiko mkononi.

"Bado hamjamaliza? Baba, sema pole. Halafu mama anacheka. Halafu tunakula."

Mchora ramani akasema pole. Mama Kitabu akajikaza, akajikaza, mwisho kicheko kikamponyoka puani, akamwegemea mumewe begani.

Bibi harusi akamwinamia mtoto. "Huwa hivi hivi?"

"Kila siku," mtoto akajibu, kama mtu aliyechoshwa na kazi yake.

Bibi harusi akacheka mpaka akajifuta macho. "Fundi, shona. Ila kiunoni uniachie nafasi kidogo."

"Nafasi ya nini, na kiuno nimeshakipima kwa pini?"

"Ya chakula," akadakia Mama Kitabu, akiusukuma mlango wazi. "Ingia, mdogo wangu, tule. Kimeungua chini tu."