Mvua ya Greenock

Jumamosi asubuhi, Keith Rennie, mbunge wa Australia, alikuwa mbele ya duka la pembejeo akigeuza soseji kwa koleo ili kuchangia kikosi cha zimamoto, mvua ilipoanza kumnyeshea yeye peke yake. Ilikuwa mvua nyembamba, ya baridi, yenye harufu ya makaa ya mawe. Wilaya nzima ilikuwa haijaona tone kwa miaka. Jiko likazimika. Mwanamke aliyekuwa akipaka mikate siagi akaisogeza kando isilowe.

"Hiyo ni ya Greenock," alisema mama yake, Jean, kutoka kwenye kiti chake cha kukunja. "Baba yako aliihama Scotland kwa sababu yake. Vaa koti, Keith, utapata kifua."

Mvua ilimfuata kanisani, kwa kinyozi, hata kitandani, mkewe akahamia chumba cha wageni. Wakulima walimwalika chai na kumketisha katikati ya mashamba, na ngano ikaota kwa miduara.

Lakini aliyemngojea kuliko wote ni Noreen, mzee ambaye mji mzima ulimwita Shangazi, na ambaye watu wake, wenyeji wa asili, walikaa kando ya mto wa mji kabla haujapewa jina la Kiingereza. Sasa mto ulikuwa matope yaliyopasuka. Maji yake yalikuwa huko juu, kwenye mabwawa ya kampuni ya pamba, kwa sheria ambayo Keith mwenyewe aliipigia kura. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mabomba ya mjini yalitoa maji ya rangi ya chai, na mjukuu wa Noreen, Tahlia, ambaye hata kutambaa alikuwa bado, yalimtia vidonda mwili mzima. Noreen akawa anamsimamisha mbunge ndani ya beseni kubwa, wakizungumza habari za mpira mpaka lijae. Ngozi ya mtoto ikaanza kupona.

Mpinzani wa Keith hakuhitaji ushahidi mwingine zaidi ya mvua ile, akaenda mahakamani. Katiba inasema raia wa nchi ya kigeni haketi bungeni, na Keith, kupitia kwa baba yake, alikuwa raia wa Uingereza tangu azaliwe bila kujua. Mahakamani Canberra karani alimshikia mwavuli. Majaji walilitazama zulia lililolowa, wakatangaza kiti ki wazi. Akitaka kugombea tena, kwanza asaini fomu ya kuukana uraia ule.

"Usisaini, mwanangu," alisema Noreen.

"Shangazi, nikikosa kiti nitawasaidiaje?"

"Si unanisaidia sasa hivi? Simama vizuri, unamwaga nje."

"Mimi nchi yangu ni hii tu."

"Wewe umepewa mbili bila kuomba. Sisi moja yetu tunaidai mpaka leo."

Keith alitazama viatu vyake. Alimpenda mtoto yule, na kiti alikipenda zaidi. Alisaini Jumatatu, na mvua ikakatika kabla wino haujakauka.

Siku ya uchaguzi mdogo, soseji ziliiva vizuri mbele ya shule. Noreen alikuja na Tahlia kiunoni na beseni kwapani, akaliweka miguuni pa Keith.

"Imekwisha, Shangazi."

"Najua. Mazoea tu. Nimekuja kupiga kura, nisipopiga mnanitoza faini."

Keith alimpa soseji na vitunguu vya kuzidi. Noreen aliila akiwa amesimama, huku akiushika mkono wa mtoto asijikune shingo.

Keith alishinda kwa kura nyingi kuliko mwanzo. Alikula kiapo akiwa mkavu, suti imepigwa pasi. Wiki hiyo sheria ya maji ya pamba ilirudishwa bungeni kuongezewa muda, naye akaenda kuketi upande wa wanaopiga kura ya ndiyo, palepale alipoketi mara ya kwanza.

Nyumbani kwake Noreen alifungua bomba, akasubiri maji ya rangi yapite kwanza. Hayakupita. Akamwogesha mtoto hivyo hivyo.