Bastola ya Harusini

Nusra alirudi kutoka kazini saa tatu asubuhi yuko hoi, miguu imemvimba. Usiku kucha alikuwa akiwageuza wazee vitandani kwenye nyumba ya kulelea wazee, na hamu yake ilikuwa moja tu, alale. Akaingia sebuleni, akatupa macho ukutani juu ya kochi kwa mazoea tu, akaona msumari mtupu.

Hapo ndipo ilipokuwa ikikaa bastola. Ilikuwa ya kizamani, ya kushindiliwa baruti, mpini wake umevishwa fedha. Mumewe, Sultan, alipewa na ami yake kule Maskati siku waliyooana, akaichomeka kiunoni, akacheza nayo razha, ile ngoma ya wanaume. Tangu siku hiyo, kila harusi ya ukoo wao hapa London, Sultan aliishusha, akaifunga kitambaa, akaitia kwenye buti la gari na kwenda nayo ukumbini. Miaka thelathini na nne hakuna askari aliyemuuliza, na mtu asiyeulizwa miaka yote hiyo huona kuwa ameruhusiwa.

Lakini leo hapakuwa na harusi. Leo mchana watu wasiotaka wageni walikuwa wametangaza kuandamana mpaka mlangoni mwa msikiti, na wanaume wa msikiti walikuwa wameombana wakasimame pale.

Sultan alikuwa jikoni, kanzu imepigwa pasi, kofia kichwani, anakunywa chai. Alikuwa na miaka sitini na saba, na goti bovu aliloachiwa na mizigo ya abiria uwanja wa ndege. Mfuko wake wa msala wa kusalia ulikuwa juu ya meza, na ulikuwa umetuna upande mmoja.

"Baba Malak, humo mna nini?"

"Msala."

"Na nini tena?"

Sultan akapuliza chai ambayo ilikuwa imeshapoa. "Haina baruti. Mie nataka waione tu. Wakishaiona watarudi nyuma."

"Na polisi wakishaiona?"

"Nadim kasema kujihami ni haki ya kila mtu."

Nadim alikuwa mdogo wake, anakaa Amerika, huko Columbus, anauza simu. Kila siku hutuma ujumbe wa sauti kwenye grupu la ukoo, mrefu kama khutba, kueleza namna watu wa huko wanavyokwenda maandamanoni na bunduki begani, mchana kweupe, na polisi wanawapisha njia. Sultan huusikiliza mara mbili mbili. Nusra kichwa humgonga.

"Nadim yuko Amerika! Hapa Hounslow, London. Mwanao si alikwambia siku ya harusi ya mpwao Afnan? 'Baba, on the wall it's an ornament. Outside it's prison.' Ukutani pambo, nje jela! Malak kasoma sheria hiyo, weye unamsikiliza muuza simu!"

Sultan akaweka kikombe chini. "Walipokuja nyumbani kwetu Unguja, siku za Mapinduzi, mie n'na miaka sita," alisema. "Baba akawafungulia mlango. Akawafungulia mwenyewe, Mama Malak. Hakunyanyua hata mchi."

"Na kwa vile hakunyanyua ndiyo akaishi, akakulea!"

Neno lilikuwa la kweli, na Nusra alijuta papo hapo. Sultan alichukua mfuko wake, akatoka.

Nusra alibaki amesimama katikati ya jiko. Kusema kweli, kwa dakika nzima aliwaza: na aende, yatakayomkuta yamkute, mimi nimechoka. Alichoka na kazi, na maandamano, na wanaume na fahari zao. Kisha mawazoni akamwona Sultan amelala kifudifudi barabarani, polisi wamemzunguka, damu kwenye kanzu aliyoipiga pasi mwenyewe. Akavaa viatu bila kufunga kamba, akatoka mbio.

Alimkuta kwenye kituo cha basi, goti halikumfikisha mbali.

"Nipe mimi huo mfuko," alisema akihema. "Mwanamke mtu mzima na mfuko wa msala, nani atamtazama? Ukiutaka utaniomba huko huko."

Alikuwa akimdanganya. Nia yake ilikuwa basi likifika ampandishe Sultan, yeye ageuze nao nyumbani. Sultan alimtazama, akampa. Labda naye alikuwa anatafuta wa kumpokea.

Wakatokea wanaume wawili, bendera mabegani, makopo ya bia mikononi, wanaelekea maandamanoni. Mmoja, mwenye fulana nyeupe, alipofika mbele ya Sultan akaipiga kofia ikaanguka kwenye maji ya mvua.

"Go home, grandad."

"I live just there," alisema Sultan kwa adabu, akanyoosha kidole kuonyesha mtaa wao.

Wakacheka. Sultan akainama kuokota, polepole kwa sababu ya goti, na yule mtu akaikanyaga kofia. Kisha akamsukuma kifuani kwa kiganja, Sultan akakaa kwenye benchi puu.

Mkono wa Nusra ulikuwa umeshaingia mfukoni. Aliusikia mpini, baridi, umemkaa kiganjani sawasawa. Hakumkumbuka Malak, wala polisi, wala jela. Alimwona yule mtu tu, na alitaka kicheko kimkwame kooni, alitaka kwa uchu kuliko alivyotaka usingizi. Tena alisikitika, alisikitika kweli, kwamba haina baruti.

Basi likaja, milango ikafunguka, dereva akachungulia. Wale watu wakaona mchezo umekwisha, wakaenda zao wakiimba. Basi nalo likaondoka bila ya Sultan na Nusra kupanda.

Sultan alikuwa ameshika kofia yenye alama ya kiatu. Hakuwatazama wale watu, aliutazama mkono wa mkewe uliozama mfukoni mpaka kifundoni.

"Mama Malak," alisema taratibu, "toa mkono."

Nusra akajaribu, vidole vikakataa. Sultan akaingiza mkono wake, akavibandua kimoja kimoja, kisha akafunga zipu.

"Twende nyumbani," alisema. "Msikitini watasimama wengine."

Wakaenda hatua kidogo. Nusra alikuwa akilia bila sauti.

"Haina baruti," alisema.

"Najua."

"Ingekuwa nayo, Sultan, ningempiga."

Miaka thelathini na nne hajawahi kumwita mumewe kwa jina lake. Sultan akamshika mkono ule ule wa bastola, wakashuka na njia ya nyumbani pole pole.